Baba Kauliza Kama Panya Wamepona

Devota, ndiyo tumefika Lusewa kutoka hospitali Songea. Saratani ya baba imefika kwenye ini, dawa hawana tena.

Nikamtajia daktari ile tiba niliyosoma, ya vinasaba vinavyopangwa maabara. Vikiingia kwenye seli vinaikagua kwanza. Ya saratani vinaiua, nzima vinaiacha.

Akasema ni kweli ipo, ila bado wanaijaribu kwa panya.

Baba akauliza, "Wamepona?"

Devota, kauliza kama panya wamepona. Daktari kasema wengine wamepona.



Nyumbani mama kamwekea panya wa kubanika, mboga anayoipenda kuliko zote. Baba akaisogeza sahani pembeni taratibu.

"Hawa wako mbele yangu kwenye foleni."

Akala ugali mtupu.