Nafasi Yako ya Solo Nimempa Mtu

Mdogo wangu mpendwa Yoeli,

Nakuandikia gazetini kwa sababu anwani yako siijui. Yangu unaijua, lakini hujaitumia tangu ulipopanda lori la Kigoma ukituambia utarudi na gitaa lako mwenyewe. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, maharage yamestawi, na mimi nimechoka.

Unakumbuka tulivyoanza hapa Kasulu? Wewe gitaa la solo, mimi la rithim, Elia la besi, na ile spika moja iliyochanika tukaiunga kwa karatasi na gundi. Bendi nyingine zote zilipiga rumba tamu ya kucheza wawili wawili. Yetu ilikwaruza, nawe badala ya kuona haya ukaongeza sauti. Mama mmoja muuza maandazi kule Kibondo akauliza, "Jamani, huu muziki au mashine ya kusaga?" Vijana waliruka mpaka vumbi likatufunika. Fundi redio alipotaka kuitengeneza ile spika, ulimfukuza! Nilicheka sana. Siku hizi sicheki hivyo.

Ulipoondoka niliweka sharti: kila mpiga solo atakayekuja ajue anamshikia mdogo wangu nafasi. Basi wakawa wanakuja, wanaondoka. Aliyedumu kidogo ni Nestori, aliyekimbia Burundi na mke wake mwaka wa sabini na mbili. Akiimba Kirundi, Waha wote ukumbini wanaitikia, maana Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, wanamwelewa kila neno. Yule mtu alijua gitaa, tena kuliko wewe, nisamehe. Nami kila Jumamosi namkumbusha kwamba mwenyewe akija, ampishe. Alinivumilia weee, mwisho akaliweka gitaa mezani.

"Kaka, mimi nchi yangu nimeshaiacha. Sitaki tena kukaa mahali ninapoambiwa ni pa mtu."

Akaenda zake kulima.

Elia naye operesheni ya vijiji ikamhamishia huko Kasanda. Alikuja mara mbili kwa kudandia malori, besi begani, kisha akaacha. Mpiga ngoma wetu alikwenda vitani Uganda na hajarudi. Kila mara natafuta watu wapya, nawafundisha nyimbo zilezile, wakizishika tu wanaondoka. Kazi gani hii, Yoeli? Wa zamani nimebaki mimi tu na jina la bendi.

Mwezi uliopita dereva mmoja aliniambia amekuona stesheni ya Tabora ukibeba magunia. Alipokuita kwa jina, ukajificha nyuma ya behewa. Nilimweleza mama nikidhani atalia. Akaendelea kuchambua maharage yake, halafu akasema, "Anaona aibu kurudi bila gitaa. Na wewe kila siku unamngojea aje na gitaa. Mimi nilizaa mtu, mwanangu, sikuzaa gitaa."

Maneno yale yaliniingia. Miaka yote nilijiona nakutunzia kitu, kumbe nakuzibia njia.

Sasa ujue kwamba Jumamosi iliyopita nafasi yako nimempa Hamisi, fundi cherehani wa hapa sokoni. Nimempa moja kwa moja, mbele ya watu, na hamshikii mtu. Akanitazama kama hakusikia vizuri. "Kweli, kaka? Yangu?" Nikamwambia yako, piga. Sikungoja hata wimbo wa pili, nikaenda nyumbani nikajilaza. Roho iliuma, nisikudanganye. Lakini nililala usingizi ambao sijaupata kwa muda mrefu.

Kwa hiyo huna tena bendi ya kurudia, mdogo wangu. Hakuna atakayekuuliza gitaa liko wapi, wala huko ulipiga na nani. Kama magunia yamekuumiza mgongo, utapumzika kwanza, kisha kuna muhogo wa kupalilia. Panda gari la moshi uje.

Njoo mikono mitupu.

Ni mimi,
kaka yako