Manjanja ya Mutu Asiyesimama

Mujukuu wangu Kavira,

Unisalimie bote kule Mulekera. Huku Butembo tunapumua, na mutoto wa shangazi yako ameanza kutembea.

Unaniuliza: patron mwenye makamyo ametoa mafuta ya magari ya kampeni ya candidat wenu, lakini hataki jina yake iandikwe mu déclaration, ile karatasi unayoandika nani alitoa nini. Umufiche?

Nilipokuwa musichana kule Kirumba, misa ikiisha, ni miye nilikuwa nasoma majina ya bale balitoa vitu, na kila mutu alisimama bamuone. Siku moja mucuruzi mukubwa, mutu wa biashara, alileta manjanja, mabati ya kufunika kanisa. Ndugu yake alikuwa anatafuta kura. Akaniambia ku sikio: "Useme tu ni mukristo moja."

Nikasema kwa sauti: "Mwenye manjanja asimame."

Kanisa yote iligeuka kumutafuta. Ule mucuruzi aliniangalia tu. Hakusimama. Jioni camion yake ilikuja kurudisha manjanja.

Ule mwaka mvua ilitunyeshea ndani ya misa. Lakini siku ya kura, hakuna mutu alikuja kutuonyesha manjanja juu na kidole, aseme tumulipe na kura.

Muulize huyo patron kama anaweza kusimama. Kama hapana, mafuta irudie kwake. Na usiende kumuuliza peke yako; uende na mutu wa kushuhudia.

Koko yako