Uwanda Ulioandikwa Kuwa Mtupu

Rhotia, Jumapili jioni, wiki ya palizi ya pili

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako cha barazani, ila nimekigeuza kielekee jikoni ili nione sufuria ya makande. Mikono inauma kwa jembe. Nimechoka, Baba, na si kwa leo tu. Tangu tulipomaliza matanga naamka nimechoka.

Gazeti lako la Kiingereza la kila wiki, lile wanaloliacha wageni hotelini, bado linakuja. Madereva wa watalii wakishuka kutoka kreta wanasimama dukani pale barabarani, wanaliweka na kusema, "La Mzee Boay." Wengine hawajui kwamba umefariki. Wengine wanajua, na wanaliacha vilevile. Lakini linakuja kwa nadra. Dereva mmoja aliniambia wageni siku hizi wanasoma dunia yote kwenye simu, hawaachi kitu chumbani zaidi ya chupa za maji. Ulipokuwa ukifua mashuka kule hotelini hukukosa toleo. Sisi tunapata la juzi, halafu kimya, halafu la mwezi uliopita.

Wasomaji wako nao wanakuja. Nawaita wasomaji kama ulivyowaita, ingawa msomaji ulikuwa wewe peke yako na wao wakisikiliza. Jumapili ile ya kwanza walipoingia baada ya ibada nilidhani wamekuja kunipa pole. Wakanywa chai, wakaniangalia. Jirani yetu Mama Tluway ndiye aliyesema, "Sasa mwanangu, dunia imefikia wapi?"

Ndipo nikaanza. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, unakijua. Jumamosi nakaa na kamusi yako mpaka macho yanawasha. Wewe ulipofika kwenye neno gumu ulitulia, ukalisema kwa Kiiraqw, halafu kwa Kiswahili, na watu wakaona ni busara. Mimi nikitulia wanajua nimekwama. Ila nimeshika lile lako. Kila habari naimalizia, "Hivyo ndivyo walivyosema wao. Sisi hatukuwepo."

Unawakumbuka wale wachimba madini wa nchi ya mbali waliofukiwa? Mlifunga kwa ajili yao, mkawaombea ibada nzima, Mama Tluway akalia. Jumapili iliyofuata ukasoma kwamba walitolewa wazima, tena kabla hata hamjafunga. Watu wakakutazama kana kwamba umewaibia mfungo wao. Ukakunja gazeti, ukasema, "Basi Mungu hakusubiri posta." Bado nacheka peke yangu shambani.

Lakini ninachokuandikia ni habari ya Olbalbal, ule uwanda wa malisho upande wa pili wa kreta.

Ile Jumapili gazeti lilipoandika kuhusu huku kwetu tulisogeza viti, kama watu waliosikia wametajwa redioni. Mzee Saning'o, rafiki yako mfugaji wa Kimaasai, alikuwepo. Alikuwa ameleta ng'ombe mnadani Karatu, akalala kwetu kama kawaida yake. Ukasoma kwamba mwandishi alisimama kule juu mlimani, akatazama chini Olbalbal, akaona uwanda mtupu. Saning'o akauliza, "Mtupu? Mwezi gani?" Ukamtajia. Akasema, "Mwezi huo nilikuwa hapo na ng'ombe, natafuta maji. Huyo aliangalia upande gani?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na wewe hukucheka. Ukamwandikia mhariri kwamba uwanda haukuwa mtupu, ukaipeleka barua posta Karatu mwenyewe, na kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Kuanzia hapo kila gazeti ulilianzia kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Hata ulipokuwa hukai tena kitandani bila kushikwa, uliniuliza, "Imo?" Nikasema haimo. Ukasema, "Labda wiki ijayo."

Haikutoka, Baba. Au ilitoka kwenye toleo ambalo halikutufikia. Sitajua. Kila Jumapili wanataka nianzie ukurasa ule, na kila Jumapili nasema haimo. Neno hilo linanichosha kuliko palizi. Kila nikilisema nakuona ukigeuza uso ukutani.

Kwa hiyo leo niliwaambia basi. Niliwaambia hili ndilo la mwisho, wakitaka habari wawaulize watoto wenye simu. Mama Tluway akaanza kukusanya vikombe, na vingine vilikuwa bado na chai.

Saning'o alikuwepo leo. Akasema, "Baba yako aliandika. Mimi sijaandika."

Nikamwambia, "Mzee, wewe hujui kuandika."

"Wewe unajua." Akasogeza kiti karibu. "Yeye aliniandikia kwa urafiki, lakini hakuwepo Olbalbal siku hiyo. Mimi nilikuwepo."

Nikaleta karatasi. Akasema alikopita, kisima kilichokauka, mahali alipolala, mtoto wake aliyekuwa mbele ya kundi. Kisha akaanza kuwataja ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe. Mama Tluway akamwambia, "Wewe, usiwataje wote, karatasi itajaa." Akamjibu, "Wote walikuwepo." Basi nimewaandika wote. Kuna rangi za Kimaasai ambazo kamusi yako haina. Nimeziacha kwa Kimaasai, wazungu watajijua.

Mama Tluway alitaka tumwombe mhariri aseme pia kwamba Rhotia wanamsoma. Nimeliongeza chini. Kesho asubuhi nitampa dereva barua aipeleke posta Arusha.

Sijui kama wataichapa. Wasomaji wao ni wengi, na sisi tuko mbali. Ila nakuahidi kwamba gazeti likija nitalisoma. Nikikuta haimo nitasema haimo, kisha nitafunua ukurasa unaofuata. Uchovu ninao, na utakuwepo hata nikikaa bure.

Makande yameiva. Watu wameondoka, Saning'o amelala chumba cha nje. Pumzika, Baba. Kukikucha nitaingia shambani tena, na huko uliko nakuomba jambo moja tu, unikumbuke.

Mwanao,
Paskalina