Taa ya Nyuma Yangu

Shoga, naandika kwa mkono mmoja, nivumilie na makosa ya kuandika.

Tulianza kupanda mlima pikipiki sita, jua linawaka. Ghafla theluji, ukungu, huoni hata pua yako! Mume wangu alikuwa wa mwisho, nyuma yangu. Kila kona nanyanyua mkono, naye anapepesa taa mara mbili kwamba yuko salama. Ndiyo ishara yetu siku zote.

Njia nzima taa ilinijibu. Njia nzima, shoga!

Tumefika mgahawani, mwenye taa akavua helmeti. Mtu nisiyemjua kabisa!

Eti, "Dada, nilidhani unanisalimia."

Unanisalimia!

Mume wangu hapokei simu. Wenzetu wamegeuza kumtafuta. Mimi nimesimama barabarani, mkono juu kama chizi. Hakuna taa inayojibu.