Tunisia ya Kombani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daftari hili ni la kuhesabia vitanzi. Dada Nereah kaniambia niandike kila safu nisipotee. Basi nitaandika na mengine, kurasa ni nyingi na mtu wa kuzungumza naye sina. Shule niliishia la sita lakini kuandika naweza. Hakuna atakayesoma – Mama haoni maandishi madogo.

Kazi yangu ni kukwea. Minazi ya nyumba za wageni pale Tiwi, naangua nazi zisije zikamwangukia mtu kichwani. Dada Nereah anasafisha vyumba humo humo. Mtu wa bara, mama mzima. Mchana akimaliza hukaa nyuma ya kamba za nguo anafuma. Mwezi mzima namtazama kutoka juu ya mnazi. Kulabu yake si ile fupi ya kina mama wanaofuma vitambaa vya makochi. Hii ndefu, ya mwanzi, kama kijiti cha mshikaki, na vitanzi vimepangana humo kama nyama.

Leo nimeteremka nikamuuliza ni nini hiyo. Maneno yenyewe nimeyapanga wiki nzima.

"Hii inaitwa ya Tunisia," kasema. "Unaenda, unaokota vitanzi vyote vinakaa kwa kulabu. Halafu unarudi, unaviachilia kimoja kimoja. Hugeuzi kazi. Aki ni rahisi, hata wewe utaweza."

Hata mie.

Kanipa kulabu yake ya pili na uzi wa kijani uliobaki. Kwenda: vitanzi ishirini. Kurudi: sijui nilipita wapi, nimefika na kumi na saba.

Jumatano, 6 Agosti

Safu kumi na mbili. Chini pana, juu pembe. Dada Nereah kaishika, kaigeuza huku na huku. "Waziri, umenifumia sambusa."

Kumbe mwisho wa kila safu kuna kitanzi kinajificha ukingoni. Mie nakiruka. Kimoja kila safu mpaka kitambaa kinakwisha chenyewe.

Mikono nayo ni taabu. Uzi wanasa kwenye sugu kama kanga kwenye seng'enge. Nimeambiwa nipake mafuta ya nazi na sukari, nisugue. Nimesugua nyuma ya choo. Sisimizi wamenifuata mpaka kitandani.

Na Mama kaikuta kulabu jikoni, kageuzia mahamri. Nilitaka kulia. Lakini tangu yale mafuta ya mahamri uzi unateleza uzuri sana. Sikumwambia neno.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya jambo. Yaani sikulifanya, limefanyika nikiwa nimekaa.

Uzi umekwisha. Duka la uzi Kombani nnalolijua ni moja, la Mzee Mbarak, na anayeuza ni Yusra binti yake. Hapo ndipo penye shida. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani mie na Yusra, na tangu hapo sijamwambia neno likafika mwisho. Mzee mwenyewe hukaa mlangoni anashona kofia, sindano kinywani, miwani puani. Kwake mie ni "yule wa minazi". Kiti hajawahi kunipa.

"Uzi wa nani?" Yusra kauliza.

"Nimetumwa."

"Na nani?"

Hilo sikulipanga.

Kaviangalia vidole vyangu. Kiuzi cha kijani kimekwama kwenye ukucha. Kasema chini chini, "Wafuma wewe. Wafuma nini?"

"Ya Tunisia." Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoiagiza.

Mzee kainua kichwa. "Nani anakwenda Tunisia?"

Yusra macho kayaweka kwenye uzi, kasema, "Ni Waziri, baba. Anajifunza ya Tunisia."

"Anajifunza." Mzee katoa sindano kinywani. "Vyema hivyo. Wenziwe wanakwenda Uarabuni bila kujifunza kitu, wanarudishwa. Yusra, mpe mgeni kiti."

Kiti! Nikakaa. Kahawa ikaja, nikanywa. Ningemwambia ukweli, ila kahawa ilikuwa moto na nilikuwa nimeshaitia kinywani.

Rangi ya uzi kanichagulia Yusra. Pinki. Nimeichukua.

Jumapili, 10 Agosti

Mama karudi sokoni, kasimama mlangoni na kikapu kichwani. "Mwanangu unakwenda Tunisia, na mie naambiwa na muuza mchicha."

Nikamweleza yote. Nikamtolea na kulabu.

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, na kikapu nacho. Kisha kajipangusa macho. "Ndiyo maana mahamri yalikuwa na manyoya."

Nikamwambia nitakwenda kwa Mzee Mbarak nikanushe.

"Nyamaza hivyo hivyo," kasema. "Wewe hukusema unakwenda. Mie sikusema. Wamejisemea."

"Ni uongo, Mama."

"Uongo una mwenyewe. Huu hauna mwenyewe."



Jumanne, 12 Agosti

Nimeanza shali. Vitanzi thelathini, pinki. Nyumbani wageni hawaishi kunipa pongezi, basi nimepata mahali pa kufumia: kileleni mwa mnazi. Nimekaa kwenye makuti, mgongo nimeegemeza, upepo mzuri. Hakuna anayekuja kukuuliza kitu juu ya mnazi.

Safu ya tisa donge likaniponyoka.

Likashuka lote, linajifungua mnazi mzima mpaka chini. Na chini nani – Chengo, tunayekwea pamoja. Namsikia: "Waziri! Huu mnazi wako umeota ndevu?" Kashika uzi kavuta. Shali mkononi mwangu likaanza kufumuka, safu moja, ya pili. Nimeng'ang'ania huku juu, yeye anavuta kule. Mara kaachia ghafla kama aliyeshika nyoka.

Kadhani ni kago. Kadhani nimeuzingira mnazi kwa dawa ya Kidigo, atakayeiba nazi tumbo limvimbe. Kanawa mikono mara mbili kwa maji ya bomba. Nikateremka na donge mfukoni, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mradi asile nazi ya mti ule.

Hilo nalo sikulipanga. Lakini limenifurahisha kutwa nzima.

Nilirudia safu mbili, haraka haraka. Kisha nikaendelea. Sikuhesabu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sasa Chengo anaeleza barazani kwamba Tunisia nimeipata kwa dawa, ameishika kwa mkono wake. Wengine wanamuuliza rangi.

Msikitini Ustadh Feisal kanivuta pembeni, ati nianze Kiarabu, nisije nikafika nikawa bubu. Nikamwambia hata Kiswahili mie ni bubu. Kacheka, kanipiga bega, kaniambia nina unyenyekevu. Njiani naitwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mie naitikia kwa kichwa. Mtu asiyesema akiitikia kwa kichwa huonekana ana siri kubwa.

Jioni Mzee Mbarak kaleta samaki. Changu wawili, na salamu.

Mama kawaparua magamba, hanitazami. "Wiki hii umenunua uzi mara nne," kasema. "Na donge la kwanza halijakwisha."

Nikasema rangi zinatofautiana.

"Zote pinki." Kamgeuza samaki wa pili. "Nitazungumza na mjomba wako. Tukakuposee."

 Sikukataa. Masikio yameniwaka mpaka sasa.

Jumatatu, 18 Agosti

Wamekwenda. Mama na mjomba, na sinia la halua. Mzee Mbarak kawapokea vyema. Kasema jibu Jumamosi baada ya alasiri. Kasema pia, akikubali, ndoa iwe kabla ya safari, nisije nikawaletea Mtunisia.

Mama karudi hacheki tena. Mchezo umefika kwenye nyumba ya watu.

Nikaenda dukani. Mzee yuko msikitini, Yusra peke yake anapanga zipu.

"Umesikia Jumamosi?" kaniuliza.

"Nimesikia."

"Mie sikumdanganya baba," kasema. "Nilisema unajifunza. Nilitaka akutazame tu. Siku zote anakupita kwa macho kama nguzo ya stima." Kafunga boksi la zipu. "Sasa amekutazama. Kabla hajatoa jibu umwambie mwenyewe. Mie sitaki kuolewa na tiketi."

"Akikataa?"

"Basi atakuwa amekukataa wewe. Afadhali hivyo kuliko kuikubali ndege."

Maneno mengi hivi hajapata kuniambia. Nimeyahesabu njiani kama vitanzi.

Jumatano, 20 Agosti

Shali limekwisha. Linajikunja kingo kama jongoo aliyeguswa. Dada Nereah kasema ndiyo tabia ya hii kazi, nilikandamize. Nimelitia chini ya godoro, nalilalia.

Sikwenda dukani.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekwenda. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyajaribu juu ya minazi saba. Mlangoni pamejaa watu, Mzee akaniita "mwanangu" mbele yao, kiti kikaletwa bila kuulizwa.

Nimenunua vifungo. Dazeni nzima. Shati la vifungo sina.

Yusra kavifunga kwenye karatasi. Kafunga fundo gumu makusudi. Nimelifungua kwa meno.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimetangulia. Nilimwambia Mama waje na mjomba baadaye, mie nina haja dukani. Nikapita uani nisikutane na watu. Shali ndani ya mfuko wa nailoni.

Mzee alikuwa mlangoni na kofia yake. "Karibu, mwanangu. Safari lini?"

Nikashindwa kusema. Basi nikafanya. Nikalitoa shali nikamwekea magotini, juu ya kofia, na kulabu juu yake.

"Shikamoo mzee. Tunisia ndiyo hii."

"Marahaba. Hii?"

"Ni jina la kufuma. Sikusema nakwenda. Lakini nilinyamaza, na kahawa nikanywa."

Pikipiki zikapita barabarani, moja, mbili, tatu. Mzee kageuza shingo taratibu. "Yusra. Nawe ulijua?"

"Nilisema anajifunza, baba."

"Ulisema anajifunza." Karudia kama anayeonja chumvi. "Na ile kago pinki ya mnazini?"

"Uzi uliniponyoka," nikasema. "Nilikuwa nafuma kule juu. Watu wasinione wakanicheka."

Kaitazama sindano mkononi mwake. Kaitazama ile kofia. Kisha kanitazama mie, muda mrefu, na hakunipita.

"Na mie wananicheka?"

Nikaitazama ile kofia.

"Miaka thelathini nimekaa mlangoni na uzi wangu. Huyu kapanda mnazi." Kampa habari Yusra kama vile mie sipo. Nilidhani sasa ananifukuza. Badala yake kaligeuza shali ndani nje, ndivyo anavyokagua kofia, ndani kwanza. Kavuta ukingo. Kauliza, "Ukifika mwisho wa safu wageuza?"

"Sigeuzi. Nakwenda naokota, narudi naachilia."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Vitanzi vilikaa. Akasogeza kichwa mpaka miwani ikagusa kulabu.

Hapo ndipo Chengo akatokea, kaja kununua kamba. "Ee! Waziri wa Mambo ya Nje bado hajaondoka?"

Nikangoja. Neno moja tu la Mzee na Kombani nzima ingejua kabla ya magharibi.

Mzee hakuinua macho. "Keshakwenda," kasema. "Sasa anarudi."

Chengo kafungua mdomo. Kisha kaiona ile pinki magotini pa Mzee. Kasogea nyuma hatua tatu, akaenda zake bila kamba. Yusra kaingia nyuma ya pazia, na pazia likatikisika muda.

Mama na mjomba wakafika, kanzu imepigwa pasi, nyuso za mazishi. Mama kaliona shali kwenye magoti ya Mzee, kaniangalia, kashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Mjomba kaanza, "Mzee wetu, tumekuja kwa ile habari..."

Mzee kainua kidole kimoja. "Ngojeni. Nahesabu."

Kahesabu chini: thelathini. Kahesabu juu: ishirini na tisa. Karudia. Kavua miwani, kaipangusa, kaanza tena.

"Kimoja kimepotea," kasema. "Ya Tunisia nimeshayasamehe. Lakini mtu kuniletea kazi yenye tundu! Hapazungumzwi jibu hapa mpaka nikione."

Mpaka adhana ya magharibi ilipolia alikuwa bado anatafuta, safu kwa safu, kwa ncha ya sindano. Mjomba kalala kwenye benchi. Mama kanywa kahawa tatu. Mzee kalikunja shali, kalitia kwenye kapu la kofia zake, la kwake mwenyewe. "Kesho uje," kaniambia. "Na kulabu. Na nyingine kama unayo." Njia nzima Mama ananiuliza, ni ndiyo au ni la? Nikamwambia ni ishirini na tisa.

Mie najua kilipo. Safu ya tisa, ukingoni, siku ile Chengo alipovuta. Yusra naye anajua. Alipoleta kahawa alikiona, akaweka kidole gumba juu yake, akanitazama. Kisha akaukunjia ule ukingo ndani, polepole, baba yake akiwa upande wa pili anahesabu. Maadamu hakijaonekana, kila siku naitwa, na kiti ninacho.

Nimenyamaza.