Kuku Mweusi Kwenye Friza

Jumapili, 5 Desemba 2004

Kuna kuku mweusi kwenye friza yangu. Siyo manyoya, manyoya hana – ngozi! Nyeusi kama imeunguzwa. Miguu myeusi, kucha nyeusi, hata nyama ya shingoni nyeusi. Nilidhani ameoza. Nikamnusa. Mzima kabisa.

Nimemwuliza Anselm. Kasema ni kuku wa Kichina, kapewa na mtu. Mtu gani? Mtu tu. Akarudi kwenye mpira wake. Mume wangu, dereva wa basi, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, mtu wa ndizi na samaki – tangu lini anapewa kuku wa Kichina?

Kwetu Bukoba hakuna asiyejua kuku mweusi anapelekwa wapi.

Jumanne, 7 Desemba

Nimetoka shifti, harufu ikanipokea kwenye ngazi. Anselm jikoni! Aproni yangu kiunoni! Huyu tangu tuoane hajawahi kukoroga hata uji.

Supu, rangi ya chai kavu. Ndani yule kuku, vipande vya mzizi kama vibanzi vya mbao, na vitunda vidogo vyekundu vimevimba kwa maji. Kanijazia bakuli. Lake nusu. Halafu akakaa kunitazama mpaka nikamaliza.

– Unaionaje?

– Inanuka kabati la marehemu bibi.

Akacheka. Mimi sikucheka. Ladha siyo mbaya. Tamu kidogo, uchungu kwa mbali. Nimepata joto mpaka vidole vya miguu, katika flati hii ya ugenini isiyopata joto. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alhamisi, 9 Desemba

Supu tena.

Nimempigia Adelina wa kwaya. Kapiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Kuku mweusi! Mizizi! Dada, usile tena, na uangalie chini ya mto. Nimeangalia. Hakuna kitu. Nimeangalia na chini ya godoro. Aibu naiona, lakini nimeangalia.

Halafu kwenye lifti: Mama Lau wa ghorofa ya chini, yule mjane wa Hong Kong. Hatujawahi kupita salamu. Leo kaniuliza, supu nzuri? Kajuaje?! Na macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa tumboni. Mjane, lakini wanja hakosi. Nimeshuka ghorofa isiyo yangu ili nisiendelee kusimama naye.

Jumamosi, 11 Desemba

Jana Anselm alikwenda kliniki. Tangu apate donge la damu mguuni anameza warfarini kila siku, damu isigande, na kipimo chake kilikuwa kimetulia vizuri. Sasa kimepanda. Damu nyepesi mno. Muuguzi kamwuliza kama amebadilisha chakula. Kasema hapana. Hapana! Nafanya kazi wodini, nimeona mtu anavyovuja damu ikifikia huko.

– Na hiyo supu?

– Supu siyo dawa, Placida. Ni kuku.

Asubuhi mswaki wake ulikuwa mwekundu.

Anamficha nani?

Jumatatu, 13 Desemba

Nimeshuka kwa Mama Lau na maneno yangu tayari mdomoni. Kafungua, kanivutia kiti, kanimiminia chai. Sikuigusa. Nikamwuliza waziwazi: una nini na mume wangu? Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona sicheki.

Katoa mtungi kabatini. Mzizi ule ule. Dang gui, kauita. Kasema wakati wa baridi mwili unajiwekea akiba, ndio wakati wa kuulisha. Mama yake alimpikia hivyo hivyo alipokuwa mwari. Huyo kuku ni wa wanawake. Anaongeza damu, anapasha tumbo.

– Tumbo?

– Mume wako alisema mnatafuta mtoto.

Hatutafuti mtoto. Mimba ya tatu ilipotoka tulikaa kitandani, tukakubaliana basi. Yeye ndiye aliyelitamka hilo neno. Yeye!

Nikamwambia kwamba Anselm naye anakula, na anameza warfarini. Mama Lau akafumba mdomo kwa mkono. Hakuniambia! Alisema ni ya mke wake! Mwanamume anakulaje hii? Kanifungia kipande cha mzizi kwenye mfuko, nikawaonyeshe hospitali.

Jumanne, 14 Desemba

Nimemwaga supu yote. Anselm kasimama mlangoni ananitazama. Nimepiga simu kliniki: aje kesho asubuhi.

Jumatano, 15 Desemba

Kliniki hatukufika. Alikuwa anavaa viatu, damu ikaanza puani. Haikukoma. Taulo moja, la pili. Ambulensi.

Naandika kando ya kitanda chake. Daktari, mama mmoja Mhindi, kamwuliza amekula nini. Supu ya kawaida tu, kasema. Mpaka leo! Nikatoa mfuko mkobani. Daktari kaunusa, kaenda nao.

Tukabaki wawili. Nikamwuliza: kama ilikuwa yangu, wewe ulikula ya nini?

Pamba zimejaa puani, sauti inatoka kama ya mtoto mwenye mafua.

– Nisingekula, na wewe usingekula. Nakujua.

Ni kweli ananijua.

– Na mtoto? Kwa nini hukuniambia?

Kageukia ukutani.

– Nilitaka ikitokea, itokee. Isipotokea, usijue kama nilikuwa nangoja.

Daktari karudi. Damu imeanza kupungua, wanamwekea vitamini ya kugandisha damu kwa mshipa. Kisha kanigeukia mimi. Nami nimekula? Kiasi gani? Bakuli zima. Je, kuna uwezekano nina mimba? Maana mzizi huu haumfai mjamzito.

Nikafungua mdomo niseme hapana. Nimezoea kusema hapana. Halafu nikakumbuka – mwezi huu sijaziona siku zangu. Nilisema ni baridi. Nilisema ni uchovu, ni umri.

– Sijui, nikasema.

Anselm amegeuka kutoka ukutani. Ananitazama juu ya zile pamba, hapepesi.

Daktari kanipa kikopo, kanionyesha mlango wa choo. Nimekiweka mapajani. Bado sijanyanyuka.