Mfuko wa Muhogo na Uso wa Adalbert

Prodige, kaa chini. Mfuko wetu wa muhogo umefariki leo asubuhi mbele ya jury nzima ya mashindano, na ile zawadi ya safari ya Rumangabo tumeizika nayo. Wewe unayeugua malaria huko Kibumba una bahati.

Adalbert! Adalbert huyu huyu tuliyemwachia kazi ya kuupika!

Alianza kama profesa: "Tunachukua wanga wa muhogo, maji, siki na gliserini. Tunakoroga motoni mpaka inakuwa uji mzito, tunatandaza, inakauka. Plastiki isiyochafua ziwa!" Watu wakapiga makofi.

Kisha akatia maharage ndani. Mfuko ukavunjika kama biskuti. UKAVUNJIKA, Prodige. Plastiki!

Masœur Philomène, mtawa wetu wa kemia, akauliza: "Mutoto, gliserini ndiyo inalainisha. Mulitia?"

"Kidogo, Masœur."

"Kidogo namna gani?"

Nikamtazama. Uso unang'aa kama sahani ya harusi. Mikono inang'aa. Hata masikio!

Alijipaka, ndugu yangu. Chupa nzima ya gliserini yetu, kwa sababu Vanessa wa ndoto zake angeketi mstari wa mbele.

Masœur akamgusa shavu kwa kidole, akageukia jury: "Kazi yao imefaulu, lakini kwenye ngozi."

Safari wamepewa wale wa kikundi cha Élodie, kwa vijiko vyao vya maganda ya ndizi. Na unajua nani yumo humo? Vanessa. Tulipokuwa tunaokota maharage sakafuni, alipita akasema: "Aksanti sana, Adalbert."

Na yule mjinga akatabasamu.